Uzamili wa ukunga na wa uuguzi wa watoto: kusomea vyote viwili au kuchagua kimoja?

MkungaPasua, Moshi
Ndugu wanajukwaa, nina shahada ya kwanza ya uuguzi na ninafanya kazi leba. Mtoto njiti anapozaliwa, ninamhudumia mpaka mlango wa wodi ya watoto wachanga, na yanayomsubiri ndani siyafahamu kwa kina ninachotaka. Ninapima njia tatu: kusoma uzamili wa ukunga kisha wa uuguzi wa watoto, kutafuta chuo cha nje kinachounganisha fani zote mbili, au kusoma uzamili mmoja na kuongezea mafunzo mafupi. Naomba ushauri, hasa kuhusu leseni.

MwalimuSakina, Arusha
Dada, tuanze na leseni, kwa sababu hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Kwetu, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeziweka taaluma hizi chini ya baraza moja, nawe ulifundishwa ukunga ndani ya shahada yako; kwa hiyo huhitaji cheti cha pili ili uruhusiwe kumgusa mtoto mchanga, bali unatafuta ubingwa. Uingereza mambo ni tofauti, maana uuguzi wa watoto ni tawi linalosajiliwa peke yake na ukunga una sehemu yake katika daftari la usajili, hivyo usajili wa upande mmoja haukupi haki ya kufanya kazi upande wa pili. Marekani nako wakunga wauguzi na wauguzi bingwa wa watoto huthibitishwa na bodi tofauti, kila moja na mtihani wake. Hata ukiunganisha masomo, mitihani itabaki miwili, na saa za mafunzo kwa vitendo utadaiwa pande zote.

Kwa mtu anayekusudia kuhudumu hapa nyumbani, sioni faida ya kubeba mzigo huo. Chuo Kikuu cha Muhimbili kina uzamili wa ukunga na afya ya wanawake, na utafiti wako wa mwisho unaweza kuuelekeza kwa mtoto mchanga.

Muuguzi wa Njiti, Moshi
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu leseni, lakini naomba nitofautiane naye kidogo kuhusu masomo yenyewe. Kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza ni kazi ambayo mkunga mzuri anaimudu. Kinachofuata ndicho kigumu: kumlisha kwa mrija mtoto asiyeweza kunyonya, kutambua maambukizi kabla hayajamzidi, kudhibiti joto la mwili na kufuatilia manjano ya ngozi na macho. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njiti aanze kubebwa ngozi kwa ngozi mara tu anapozaliwa, isipokuwa kama hawezi kupumua mwenyewe au yuko katika mshtuko (damu haizunguki mwilini vya kutosha), na abebwe kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Pendekezo hilo linawaleta mama na mtoto pamoja tangu mwanzo, nasi bado tunawahudumia katika wodi mbili, kila wodi na watu wake. Mtu anayejua pande zote mbili anahitajika mno.

Hata hivyo, Dada, jiulize unamtaka mtoto wa umri gani. Uuguzi wa watoto unafika mpaka kwa kijana balehe, mwenye kisukari, selimundu au saratani. Ikiwa moyo wako uko katika siku 28 za kwanza, sehemu kubwa ya uzamili huo itakupeleka mbali na unachokitafuta, na hapo njia yako ya tatu ndiyo inayofaa.

NjiroKwetu, Arusha
Niongeze mawili tu. Shahada ya nje itapaswa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kama umeajiriwa serikalini, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kulipa ada yoyote, kisha uliza ofisi ya utumishi kama uzamili wa pili unabadilisha chochote katika muundo wako wa utumishi, yaani ngazi za cheo na mshahara.

MkungaPasua, Moshi
Nawashukuru sana. Ninayemtaka ni mtoto wa siku 28 za kwanza, pamoja na mama yake. Nitamwomba muuguzi mfawidhi anihamishie kwa muda wodi ya watoto wachanga kabla sijajaza fomu ya uzamili wa ukunga. Mwalimu, je, msimamizi wa utafiti anaweza kutoka idara ya watoto?

MwalimuSakina, Arusha
Omba wasimamizi wawili, mmoja wa ukunga na mmoja wa watoto, na ulitaje ombi hilo mapema unapowasilisha wazo la utafiti.