Dodoso la mtoto mwenye mguu kifundo: kuchuchumaa nakuandika wapi?

Mama Shabani, Newala

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wazazi wenzangu na wataalamu wa viungo kama wapo humu.

Kijana wangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Alizaliwa na miguu kifundo yote miwili, yaani nyayo zimepinda kuelekea ndani. Alianza kufungwa plasta akiwa mchanga kabisa, kila wiki inatolewa anafungwa nyingine, mwisho akakatwa ile kano ya kisigino, kisha vikaja viatu vyenye chuma katikati. Mguu wa kulia umekaa vizuri, namshukuru Mungu. Wa kushoto umeanza kurudi ndani. Ukishika kandambili zake unaona mwenyewe: ya kushoto imelika ukingo wa nje, upande wa kidole kidogo, na upande wa ndani bado ina mistari yake kama imetoka dukani.

Kliniki wanafikiria kumrudishia plasta. Kabla ya hapo wametupa dodoso la kupima ubora wa maisha ya mtoto, linaitwa PedsQL, karatasi mbili, moja ya mzazi na moja ya mtoto. Maswali 23, yote yanahusu mwezi mmoja uliopita: kutembea, kukimbia, kubeba kitu kizito, kuoga mwenyewe, kazi za nyumbani, maumivu, halafu hasira, hofu, usingizi, marafiki, shule. Tutajaza tena baada ya matibabu ili ionekane amefaidika nini.

Nimelipenda wazo lenyewe. Miaka yote hii wanapima mguu tu, hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto anaishije. Lakini nimesoma maswali yote na mambo yanayomsumbua mwanangu siyaoni. Choo chetu ni cha shimo. Kuchuchumaa hawezi kushusha kisigino cha kushoto, inabidi ashike ukuta, na shuleni hashiki ukuta ule, anajizuia mpaka arudi nyumbani. Madrasa wanakaa chini muda mrefu. Kwenye tahiyatu mguu ule haumkalii. Na msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, watoto wote wa huku wako chini ya mikorosho wanaokota, kazi ya kuinama na kuchuchumaa kwenye mchanga na majani makavu kutwa nzima. Yeye huokota ndoo yake amepiga magoti. Haya nayaandika wapi?

Pili, baba yake anataka tukae wote tujaze karatasi zilingane, tusionekane tunapingana. Mimi sikubaliani naye, ila sina hoja ya kitaalamu. Nisaidieni.

Tatu, pale kliniki walimtembeza kwenye korido ya marumaru, alitembea vizuri kabisa. Nikisema nyumbani hatembei hivyo, nitaaminika?

Fizio wa Lindi

Mama Shabani, hongera. Viatu vile vya usiku huvaliwa mpaka miaka minne au zaidi, na ndipo wazazi wengi wanapochoka. Wewe bado upo na unauliza maswali ya maana.

Nianze na la pili, kwa sababu ndilo linaloweza kuharibu kila kitu. Msilinganishe karatasi. Zimetengenezwa mbili kwa makusudi. Mtoto wa miaka tisa ana fomu yake ya miaka 8 hadi 12 na anaweza kujibu mwenyewe. Hata wa miaka mitano hujibu, ila huyo anasomewa na kuoneshwa nyuso. Inajulikana kwamba mzazi na mtoto hukaribiana kwenye mambo yanayoonekana kwa macho, kama kukimbia, na huachana kwenye ya moyoni. Mara nyingi mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa muda mrefu huona maisha ya mwanawe ni magumu kuliko mtoto mwenyewe anavyoyaona. Pengo hilo ni taarifa kwetu. Mkilifuta mezani kwenu hatutaliona.

Umtafutie mahali pa utulivu ajaze. Kama kusoma kunamchosha, msomee swali kama lilivyoandikwa, usiongeze mfano wala usimtazame usoni kwa matarajio. Baba asiwe anakohoa pembeni.

Hesabu yake ni hivi: kila swali lina majibu matano, 0 maana yake si tatizo kabisa, 4 ni tatizo karibu mara zote. Sisi tunageuza: 0 inakuwa 100, 1 inakuwa 75, 2 ni 50, 3 ni 25, 4 ni sifuri. Kisha wastani. Alama kubwa ni maisha mazuri zaidi. Usiache mapengo mengi, kwa sababu sehemu ikikosa majibu zaidi ya nusu haihesabiki. Na maswali yale usiyabadilishe maneno, hata likikukera, maana tukibadilisha leo hatuwezi kulinganisha na ya mwakani. Swali la kutembea umbali fulani, chagua sehemu moja unayoijua, kwa mfano kutoka kwenu hadi kisimani, uitumie hiyohiyo mara zote mbili.

Kuchuchumaa, tahiyatu na korosho vinahitaji karatasi ya pembeni. Wenzetu wa tiba kwa vitendo wana kipimo kilichotoka Kanada, COPM. Mtoto mwenyewe anachagua mambo yasiyozidi matano anayotaka kuyaweza, anajipa alama 1 hadi 10 jinsi anavyoyafanya, na 1 hadi 10 jinsi anavyoridhika. Baada ya matibabu anajipa tena. Ikipanda alama mbili au zaidi tunachukulia kuna badiliko la kweli. Waombe kliniki, na kama hawana mtaalamu huyo, orodhesheni wenyewe mkaipeleke.

La korido: utaaminika, na una haki. Mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001, unaoitwa ICF, unatenganisha kile mtoto anachoweza akiwekewa mazingira mazuri na kile anachofanya kweli pale anapoishi. Kuna hata kipimo cha FMS kinachouliza mtoto anatembeaje mita 5, mita 50 na mita 500, yaani ndani, shuleni na mitaani. Kilitungwa kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, lakini fikra yake inakufaa. Mtoto anayetembea bila msaada kwenye sakafu tambarare tu anapata alama 5. Wa kila aina ya ardhi, mchanga na kilima, ndiye anapata 6. Mpige video fupi akitembea kwenye mchanga wa huko kwenu, na nyingine akichuchumaa akiwa amevaa. Mwulize kwanza kama anakubali kupigwa.

Alama ya Pirani tunayopima unyayoni, 0 hadi 6, inatuambia mguu umepinda kiasi gani. Ya maisha yake haimo.

Mwl. wa Masasi

Mama, hilo la choo cha shule mwambie mwalimu wa darasa, msisubiri kliniki. Kipande cha bomba kilichochimbiwa ukutani ni kazi ya fundi ya asubuhi moja. Sisi tulimwekea mtoto mmoja, na sasa wanakishika hata wasio na tatizo.

Nyongeza: dodoso lina maswali ya shule, ya kusahau na ya kukosa masomo. Mzazi upande huo haoni. Uliza mwalimu kabla hujajaza.

Baba Rehema, Nachingwea

Binti yangu ana baridi yabisi ya watoto. Sisi tunajaza dodoso la ugonjwa huo, CHAQ, linauliza wiki iliyopita: kuvaa, kuinuka, kula, kutembea, kushika. Ile ni kinyume, 0 ndiyo nzuri na 3 ndiyo mbaya, kwa hiyo dada angalia usije ukasikia namba imeshuka ukalia bure.

Jambo nililojifunza ni saa ya kujaza. Asubuhi binti yangu vidole havikunjiki, hata kifungo cha sare namfungia mimi. Saa sita ameshalainika, anaruka kamba. Akijaza mchana anasahau asubuhi yake. Daktari alituambia tujaze jioni, tukikumbushana siku ilivyoanza. Mguu wa kijana wako nadhani ni kinyume, jioni ndiyo unauma?

Mama Shabani, Newala

Nashukuruni sana. Baba Rehema, ndiyo, jioni, hasa akitoka kucheza mpira.

Nimempa karatasi yake jana akajazia barazani peke yake, baba yake nikamtuma dukani. Dokta, pengo lipo. Kwenye kutembea na kukimbia mimi niliweka 3, yeye kaweka 1. Kwenye kutaniwa na wenzake mimi niliweka 1, yeye kaweka 4. Nilimuuliza taratibu, akasema hawamtanii kwa kutembea, wanamtania kwa sababu haendi chooni shuleni. Na swali la kukosa shule kwa sababu ya kwenda hospitali kaweka 4 pia, akasema plasta ikirudi atakosa mitihani. Hili la mitihani hakuna mtu mzima aliyeliwaza.

Orodha yake ya kutaka kuyaweza: choo cha shule, kuokota korosho bila kupiga magoti, tahiyatu, na kuvaa kandambili zisimvuke anapokimbia. Baba yake kaisoma mara mbili, na leo asubuhi kaenda kuonana na mwalimu kuhusu bomba.

Swali la mwisho: plasta inaweza kusubiri mpaka mitihani iishe Novemba?

Fizio wa Lindi

Hilo aamue anayemwona mguu, kwa sababu inategemea kano imekaza kiasi gani. Lakini nenda na karatasi ya mtoto mkononi na usome lile jibu la mitihani kabla hawajapanga tarehe. Wakisema isisubiri, omba siku za kubadilisha plasta ziwekwe siku moja ile ile ya wiki, mwalimu ajue mapema. Orodha ya mambo manne andika tarehe juu, mpe yeye aweke alama zake leo, kabla ya chochote. Nakala moja ibaki kwako, maana mafaili hupotea.