Diwani kazomewa kwa kutetea dirisha la methadoni mtaani. Kakosea wapi?

Mtoa mada:
Wakuu za jioni. Jumapili tulikuwa na mkutano wa mtaa huku Temeke, ajenda zilikuwa taka na taa za barabarani, af mwishoni diwani akachomekea lake. Akasema anataka zahanati yetu iombewe dirisha la methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa wanaoacha unga (heroini), vijana wa huku waache kupanda magari mawili kila asubuhi kufuata dozi hospitali kubwa. Mpaka hapo watu walikuwa wanamsikiliza tu. Kosa lake, kama ni kosa, akaongeza "na jamani tuache kuwaita mateja, ni wagonjwa." Hapo ndo pakawaka. Mama mmoja kasimama na kanga yake kiunoni, "aliyebeba mtungi wangu wa gesi na wali ukiwa haujaiva nimwite nani mheshimiwa, mgonjwa?" Watu wakaangua kicheko, wengine wakaanza kuzomea, mkutano ukafia hapo, taa hazikujadiliwa tena.

Mi nilicheka pia, sitaficha. Ila mdogo wangu ana mwaka wa tatu anakunywa methadoni na hapa mtaani hakuna anayejua, anatoka saa kumi na moja alfajiri tunasema kawahi gereji. Nilikaa kimya mkutano mzima. Sasa nauliza, viongozi na mastaa wanaojitokeza kutetea hawa watu wanasaidia, au wanatafuta kiki?

Fundi simu:
Kiki. Mi nina kibanda cha kutengeneza simu na nimevunjiwa mara mbili, mara ya pili walichukua mpaka soketi ukutani, koki ya bomba la nje wameng'oa, mfuniko wa chemba wameuza chuma chakavu na mtoto wa jirani akatumbukia mguu, halafu unakuja kuniambia nichague maneno. Nenda zahanati na mtoto ana homa uambiwe dawa kanunue nje, lakini yeye anakunywa bure kila siku ya Mungu. Na hiyo methadoni yenyewe si dawa ya kulevya? Mmemtoa kwenye kete mmempeleka kwenye kikombe, basi na mlevi wa gongo mfungulieni dirisha la bia.

Nesi (niko kitengo hicho, sisemi hospitali gani):
Kaka pole kwa kibanda, sikejeli. Ila la kikombe nikujibu maana nalisikia kila wiki.

Unga mtu akivuta au akijidunga, baada ya masaa machache arosto inaanza, mafua, kuhara, mifupa inauma, anatapika, hapo ndo anaona koki yako ni hela. Kwa siku anahitaji mara tatu, nne. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, ndo maana tunampa mara moja. Dozi ikishakaa sawa halewi, anaenda kazini. Nina konda wa daladala, nina mama ntilie, nina fundi rangi ambaye kapaka nyumba za watu wengi na hawajui. Na hatumpi chupa aende nayo anavyojisikia, anapoanza anakunywa mbele yangu, namwongezea maji humo humo kwenye kikombe anywe tena, halafu namsemesha, "umeamkaje, mama hajambo?" Sio ukarimu huo, nataka nione mdomo mtupu, wapo wanaoibana chini ya ulimi wakauze nje.

Wala siwapambi. Wapo wanaochanganya na vidonge vya usingizi au pombe, na huo mchanganyiko unaua, mtu akija kalewa simpi. Na wauza unga wanajua ratiba yetu kuliko waganga wafawidhi, wanasubiri ng'ambo ya geti. Ila huduma hii ilipoanza Muhimbili, Februari 2011, tafiti za Dar zilikuwa zinaonesha waliokuwa wanajidunga zaidi ya mmoja kati ya watatu ana VVU. Kulikuwa na mtindo mtu akishajidunga anavuta damu yake kwenye bomba la sindano anampa mwenzake asiye na hela ajichome hiyo damu apate nafuu. Hao watu wana wake, wana waume. VVU havikubaki kijiweni.

Fundi simu:
Hiyo ya damu nilikuwa siijui. Lakini hujajibu kwa nini mastaa.

Mdada wa Kinondoni:
Naomba nijibu mimi maana mastaa ndo eneo langu 😄

Tulishajaribu njia mbili nchi hii. Ya kwanza 2012, Ray C. Msanii mkubwa, hali imekuwa mbaya, rais wa wakati ule Kikwete akasaidia akatibiwa, mwisho wa mwaka akaenda Ikulu na mama yake kushukuru, picha magazeti yote. Baadae akaongea mwenyewe hadharani kuhusu methadoni. Safari yake ilikuwa na mabonde, watu wakamcheka kila alipojikwaa, ila mama yangu mzazi, ambaye alikuwa anadhani teja ni mtoto asiyechapwa, ndo siku ya kwanza alisema "kumbe kuna dawa."

Ya pili Februari 2017. Makonda akiwa mkuu wa mkoa wa Dar anasoma majina ya wanaotuhumiwa kwa dawa za kulevya mbele ya kamera, mastaa wanaitwa kituo cha kati cha polisi, mwanamuziki TID akasimama mbele ya waandishi akakiri kuwa alikuwa anatumia. Mwezi ule mtaani kwetu vijana wote walipotea vichochoroni, sio waliacha, walijificha. Kaka wa rafiki yangu aliacha kwenda kuchukua dozi karibu wiki nzima akiogopa defenda za polisi zisije zikawa zinasubiri nje ya hospitali. Alirudi kwenye sindano. Kwa hiyo ukiniuliza kiki ipi ina faida nitakwambia ile ya kwenda Ikulu na mama.

Mstaafu fulani:
Binti umesahau sheria. Kutumia ni kosa, lipo kwenye sheria ya dawa za kulevya ya 2015. Huwezi kumwambia polisi asikamate.

Nesi:
Mzee ni kweli, na hapo ndo pana kizungumkuti maana Mamlaka ya dawa za kulevya inayokamata ndo hiyo hiyo inayosimamia soba hausi, zile nyumba za kukaa mtu anapoacha unga, na kusukuma vituo vya methadoni mikoani. Mi nashukuru vituo. Lakini mgonjwa wangu haoni tofauti ya mikono miwili ya mtu mmoja.

Wa Unguja:
Mie niliyekula unga miaka kumi na moja niseme kidogo. Methadoni sikunywa. Niliingia soba hausi, zetu huku Zanzibar nyingi zimeanzishwa na watumiaji wenyewe walioacha, unakaa miezi, arosto unaimaliza kavu kavu, mikutano asubuhi na jioni, unafua, unapika, unasema ukweli mbele za wenzio mpaka unauchoka. Nami nilikuwa kama fundi simu, nikiona mtu wa methadoni nasema huyu hajaacha. Mpaka nikazika wenzangu watatu waliotoka soba, safi kabisa, wakateleza siku moja wakapiga kiasi kile kile walichokizoea zamani, mwili haukikubali tena. Sasa sisemi kitu juu ya kikombe cha mtu.

Jina lakini, hilo la teja acheni utani. Nina duka la samaki, nina watoto wawili. Siku kandambili zikipotea msikitini macho yote kwangu. Harusi ya dada yangu nimetoa ng'ombe nusu, nimesikia kwa masikio yangu shangazi akinong'ona "pochi wekeni ndani, kaka mtu anakuja." Mtu akifanyiwa hivyo kila siku ipo siku atasema basi bora nikaibe kweli.

Fundi simu:
Hapo mwisho ndo mnaponipoteza. Umenongonezwa, usiibe. Mi naitwa fundi mwizi wa vioo kila siku na siibi.

Wa Unguja:
😂 Haya, hilo nimekupa.

Wa Likoni:
Niwaambie yaliyotupata Mombasa. Mwisho wa 2010 serikali ilikaza wauzaji, unga ukaadimika Pwani nzima kuingia 2011. Watu walishangilia. Wallahi hazikupita siku nyingi, vijana wamelala barazani wanatapika, wengine wameanza kujidunga ilhali zamani walikuwa wavutaji tu, kwa sababu kidogo kilichopo ukijidunga kinafika. Hospitali hazikuwa na cha kuwapa. Methadoni ilikuja Kenya Disemba 2014, Nairobi pale Mathari, kisha Malindi Februari 2015, ndipo ikafuata kwetu. Kwa hiyo anayesema kamata wauzaji tu yatosha, sisi tushaufanya mtihani huo na tulifeli. Kilichosaidia Malindi na Mombasa kuna mashehe walikubali kulisema jambo hili msikitini, kwamba huyu ni mgonjwa na kumtibu ni thawabu. Diwani wenu angeanza na imamu na mchungaji kabla ya mkutano, asingezomewa.

Mama Temeke:
Mi simtetei mtu. Mwanangu kaniibia kitanda nimelala chini, kaniuzia cherehani. Namwita teja na yeye anajua namwita teja. Lakini nauli naitoa mimi. Mia sita mara nne kwa siku, elfu mbili na mia nne, piga mwezi mzima ni elfu sabini na mbili na mimi nauza vitumbua. Nisipotoa haendi, asipoenda saa saba mchana nafungia sufuria. Nataka dirisha liwe hapo zahanati, niwe namuona anaingia na anatoka na mimi nipo na karai langu barabarani. Mambo ya jina mtajuana wenyewe.

Na Januari 2025 waliposema Marekani wamesimamisha misaada, hakuna aliyekuja kuniambia kama dawa itakuwepo kesho. Nilikuwa siwashi jiko mpaka nimuone karudi. Diwani akitaka kura yangu anijibu hilo, hela ya dawa inatoka wapi miaka ijayo. Maneno mazuri hata mimi ninayo.

Fundi simu:
Mama kwa hesabu hiyo sina la kusema. Kituo kije. Ila mbali na shule, na wakishakunywa wasigande pale nje, na wale wa ng'ambo ya geti mgambo awepo asubuhi yote, sio anakuja saa nne kunywa supu. Na sitaacha kusema teja, nimezoea.

Nesi:
Wakiganda mara nyingi ni kwa kukosa pa kwenda. Una kibanda kaka, hutaki msaidizi?

Fundi simu:
Dada usinijaribu.

Mtoa mada:
Nimesoma yote. Mkutano umeitishwa tena Jumapili saa kumi, safari hii imamu na mchungaji wamealikwa, sijui kama diwani anapita humu au ni bahati. Nikamuuliza mdogo wangu kama naweza kusimama nikaeleza ya kwetu. Kafikiria sana. Kasema sawa, ila nisimtaje jina, niseme tu ni kijana anafanya kazi gereji. Nikatoka nje, kabla sijafika mlangoni kaniita, "kaka, na gereji usiitaje."

Mama wa vitumbua, kama ni yule ninayemjua wa pale kona, Jumapili tukae pamoja.