Macho ya manga: ni mimi tu nisiyeyaelewa?

Baba wa Kikuyu, Dodoma: Wakuu, mwanangu wa darasa la sita anajaza manga, zile katuni za Kijapani, kwenye daftari la hesabu. Macho kama sahani, kidevu ncha ya kisu. Jana nikamwambia amchore bibi yake wa Mvumi. Akaleta macho yaleyale, na bibi ana makengeza jamani! Mimi nimekulia katuni za magazetini, tumbo la bosi linatangulia mlangoni. Mnaona uzuri gani?

Penseli Butu: Usimlaumu Mjapani peke yake. Osamu Tezuka, mchoraji wao maarufu wa manga, aliyaiga macho hayo kutoka katuni za Disney.

Mrangi: Nenda Kolo, Kondoa, uone michoro ya miambani. Watu wekundu, wembamba kama fito, vichwa vikubwa. Hakuna anayefanana na jirani yako, na UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2006.

Baba wa Kikuyu, Dodoma: Kolo nilifika, goti bado linanikumbusha kile kilima. Wale nawakubali. Ila kitabu cha manga kusomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, hapo nagoma. Bibi naye kaubandika ule mchoro ukutani, eti ndivyo alivyokuwa 1968.