Mti wa mukima umeangukia paa huku Riruta, Nairobi, trasi imevunjika. Nianze na nini?

mama_riruta
Habari zenu mafundi. Upepo wa juzi usiku umeangusha mukima wa mpakani, ukalalia paa upande wa jikoni. Bati ni la mawimbi, geji 30 (kipimo cha unene). Palipobomoka ni upana wa mita 4, na kutoka kwenye kofia (kilele cha paa) hadi gata (mfereji wa maji ya mvua) ni mita 4.5. Rafta mbili (mbao za mteremko) zina ufa, mti wa chini wa trasi moja (fremu ya mbao inayobeba paa) umevunjika kabisa, pelini nne (mbao za kupigilia bati) zimekatika. Shina bado liko juu. Fundi anasema atabandika mbao pembeni, apige misumari ya inchi nne, aezeke bati jipya, na kazi ni ya siku moja. Itashika kweli? Na ninunue nini?

seremala_paa
Pole sana mama. Hiyo kazi ya siku moja usiikubali. Bati ndilo jambo la mwisho hapo.

Kwanza zima stima kwenye swichi kuu. Kama waya wa kutoka kwenye nguzo umevutwa au umelegea, asipande mtu. Piga 97771, Kenya Power waje waukate.

Kabla msumeno haujagusa shina, simamisha nguzo ndani ya nyumba chini ya zile trasi, kila nguzo ikanyage kipande cha ubao kisichopungua futi mbili ili uzito usitoboe sakafu. Shina likipunguzwa vibaya hubingirika na kubomoa upande ambao ulikuwa mzima. Matawi yakatwe kutoka nchani kuelekea shinani, na vipande vifungwe kamba viteremshwe, visiangushwe. Tawi lililopindwa lina nguvu kama upinde, kwa hiyo mkataji asisimame upande litakaporukia. Asisimame karibu na shimo la mizizi pia: shina likishakatwa, kisiki huweza kurudi kusimama ghafla.

Sasa trasi. Ule mti wa chini kazi yake ni kuzivuta rafta zisitanuke. Ukivunjika, rafta zinasukuma kuta nje. Mbao yenye mvuto wa namna hiyo haiungwi kwa misumari, kwa sababu misumari huchanua mbao na kulegea taratibu. Badilisha mbao nzima, 4x2 (inchi 4 kwa 2) ya sayprasi iliyotiwa dawa na iliyokauka. Mbao mbichi ikisinyaa, viungo vyote vinacheza.

Rafta zenye ufa zinaweza kupona. Inua kwa jeki ya gari juu ya nguzo, polepole, hadi uzi uliovutwa kutoka trasi nzima hadi nzima uguse sawasawa. Kisha weka 4x2 pande zote mbili, zivuke ufa sentimita 60 kila upande, ukaze kwa bolti za milimita 12, tatu kila upande wa ufa, zisipangwe mstari mmoja, na washa pana (pete ya chuma) chini ya kila nati. Ukikaza kabla ya kuinua, umeufunga mpindo humo humo.

bati_na_gata
Naunga mkono. Niongeze ya bati.

Usinunue kwa kutaja geji tu. Mawimbi ya viwanda tofauti hayalaliani, na mwanya mdogo pale pembeni unanyonya maji. Kata kipande cha bati la zamani, enda nacho kwa hadiwea (duka la vifaa vya ujenzi), ulilalishe juu ya jipya kabla ya kulipa. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, liache.

Hesabu: bati likishapishana hufunika sentimita 70 hadi 76, kwa hiyo upana wako unataka 6. Kwa urefu chukua 6 za mita 3 na 6 za mita 2. Zikipishana sentimita 15 unabaki na kama mita 4.85, na kinachozidi kikatwe, bati lisipite gata. Pelini mpya za 3x2 ziwe umbali wa sentimita 90, na mojawapo iangukie chini ya mpishano. Misumari ni kama 150, yenye washa ya raba, ipigwe mgongoni mwa wimbi. Ikipigwa bondeni, maji yanapita hapo hapo.

Anza chini, maliza juu. Legeza misumari ya bati zima la jirani upande ambao jipya litaingia chini yake, na ufuate mwelekeo wa mpishano wa zamani. Bati lililokunjwa usilinyooshe: zinki imeshapasuka kwenye mkunjo, kutu itaanzia hapo.

Leo usiku funika kwa turubai lipite juu ya kofia na kushuka angalau mita moja upande wa pili. Kingo zizungushiwe 2x1 na zipigiliwe kwenye pelini. Mawe hayashiki upepo. Na piga picha shina likiwa juu, kama una bima.

mama_riruta
Asanteni sana. Nimeona pia ufa mwembamba ukutani juu ya dirisha la jikoni. Ni lipu tu?

seremala_paa
Banja lipu kidogo uone kama ufa umeingia kwenye jiwe au kwenye linta (boriti ya juu ya dirisha). Halafu teremsha timazi kutoka juu ya ukuta, nje. Ukuta ukiwa umeegemea nje, au mbao iliyolala juu yake imechomoka kwenye hupaini (utepe wa chuma unaoifunga ukutani), simamisha kila kitu, nguzo zibaki, na umwite mhandisi wa majengo kabla fundi hajapanda. Timazi ikiwa sawa na ufa ni wa lipu peke yake, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na tarehe, muendelee na trasi.