Naomba ushauri: kihisi cha tanki kinapoteza mawimbi ya Zigbee

Habari za humu wakuu. Nyumba iko Nzuguni, Dodoma: kuta za bloku za inchi 6, paa la bati. Dongo (kifaa kidogo cha USB cha kupokea mawimbi) ya Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa janja vya nyumbani, iko sebuleni. Kihisi cha kina cha maji, cha betri, kiko kwenye simtanki nje, mita 28 na kuta tatu katikati. Kinashika dakika chache kisha kinapotea, pampu haipati amri ya kuzima, maji yanamwagika. Na maji yenyewe ya mgao!

Dongo nimeitoa kwenye tundu la USB 3.0, kwa sababu hutoa kelele kwenye 2.4 GHz, masafa yanayotumiwa na Zigbee, sasa iko kwenye waya wa mita 1.5. Pia Wi-Fi yangu iko chaneli 1, inayolalia chaneli 11 hadi 14 za Zigbee, kwa hiyo Zigbee nimeihamishia chaneli 25 na kuunganisha vifaa upya. Nafuu ipo, ila ndogo.

Vifaa vya betri havirushi mawimbi ya wenzao, hivyo nafikiria soketi janja ya Zigbee (ya umeme, ambayo huyarusha) jikoni, ukuta mmoja tu kutoka nje. Moja itatosha, au niongeze ya pili korido? Au kwa tanki nihamie LoRa (redio ya masafa marefu) moja kwa moja?