Wageni wanataka chakula cha Kilatino cha nyumbani, nianzie wapi?

Mpishi_Shela
Assalaam aleikum jamani. Mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu. Mwezi ujao tunapokea familia kutoka Chicago. Nyanya mtu ni mzaliwa wa Meksiko, mkwewe asili yake Puerto Rico, na wameomba tuwapikie "chakula cha Kilatino cha nyumbani", yaani cha watu wa Amerika ya Kilatini. Nimetazama video mpaka macho yameniuma. Huyu anachoma vichapati vya mahindi, yule anaponda ndizi za kukaanga, mwingine anakula samaki mbichi kwa ndimu. Ni chakula cha watu wamoja kweli? Na jikoni kwetu nguruwe haingii, wala mafuta yake.

Nahodha77
Wapikie samaki wa kupaka, ndiyo Lamu waliyoifuata.

MamaMambrui
Waaleikum salaam kaka. Sasa niko Malindi, lakini niliishi miaka mingi New Jersey, nyumba moja na mama wa Kidominikana, na jirani yetu alikuwa mtu wa Puebla, Meksiko. Nilipika nao sana.

Ondoa fikira kwamba ni jiko moja. Meksiko ni kwenye asili ya mahindi. Watu wa kusini mwake walianza kuyalima yapata miaka 9,000 iliyopita. Puerto Rico ni kisiwa cha wali, ndizi, mihogo na mbaazi. Peru utakuta viazi vya milimani, na pembeni sosi ya soya, kwa kuwa kuanzia 1849 walipelekwa vibarua wa Kichina. Argentina walihamia Waitaliano wengi, tambi zikawa chakula cha kila nyumba. Kila mahali uliza nani alikuwapo na nani alikuja, wengine kwa hiari yao, wengine kwa minyororo.

Nguruwe asikutie wasiwasi. Walipelekwa kule na Wahispania, baada ya 1492. Tamale, yaani unga wa mahindi uliokandwa, ukafungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, lililiwa karne nyingi kabla yao. Wewe tia samli badala ya mafuta ya nguruwe. Milimani hufunga kwa maganda makavu ya mahindi, kusini na pwani kwa majani ya mgomba. Yapitishe motoni kwanza, yasipasuke.

Sasa sikiliza hili vizuri: unga wa ugali hautoi tortilla, vile vichapati vya mahindi ulivyoviona, itakukatikia mkononi. Mahindi yao huchemshwa na chokaa ya kuliwa (siyo ya kujengea!), kama gramu 10 kwa kilo ya mahindi makavu, yakalala usiku kucha katika maji yaleyale. Asubuhi ukisugua punje kwa vidole, ganda linateleza lenyewe. Osha, saga yakiwa mabichi hivyo hivyo. Chokaa ndiyo inayofanya donge lishikane, tena inafungua vitamini B3 ambayo kwenye mahindi matupu mwili hauipati vizuri. Mahindi yalipofika Ulaya yalikwenda bila ujuzi huu, na maskini walioishi kwa mahindi tu wakaugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Wanawake wa Meksiko walikuwa na dawa yake jikoni karne na karne kabla ya daktari yeyote kuieleza. Linaniuma hili, maana historia ya chakula hututajia mabaharia na wafalme, mwenye jiwe la kusagia hatajwi.

Mpishi_Shela
Shukran sana dada. Na mkwe je? Video zote za Puerto Rico naona nguruwe tu.

MamaMambrui
Mkwe ndiye rahisi kwako. Mbaazi! Asili yake India, zikaja Afrika, kisha zikavuka Atlantiki wakati wa biashara ya watumwa. Puerto Rico wali na mbaazi hupikwa sufuria moja, na Krismasi haipiti bila huo. Kaanga vitunguu, thomu, pilipili boga, kotmiri na tungule, tia mbaazi zilizokwisha kuiva, mchele, na maji yaleyale ya mbaazi. Mwenzangu wa Kidominikana alitia na tui la nazi. Wali ukianza kukauka funika, usikoroge tena. Yeye aliacha ukoko makusudi mpaka uwe rangi ya kahawia, akaukwangua na kumgawia kila mtoto kipande, na ole wako usahau mmoja.

Nahodha77
Dada amesema kweli. Naongeza: Puerto Rico hawali pilipili kali kama watu wa Meksiko. Yako iweke kando kwenye kibakuli.

Mpishi_Shela
Nimeshaagiza mahindi meupe Mpeketoni. Mashine ya kusaga unga ya hapa itakubali mahindi ya majimaji?

MamaMambrui
Haiwezi, utawazibia watu mashine yao. Tumia ile ya mkono ya kusagia nyama, tundu ndogo kabisa, upitishe mara mbili. Donge likiwa kavu nyunyizia maji kidogo kidogo. Na nyanya akitaka kuingia jikoni, mpe yeye apime chumvi.