Naomba ushauri: Vita vya Tanga vya 1914 mezani, Waingereza wanashinda kila mara

Mchonga Meza: Ndugu wanajukwaa, naombeni msaada kabla ya Jumamosi, siku ambayo wenzangu wanne wanakuja kucheza. Nimetengeneza uwanja wa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Waingereza walipowashambulia Wajerumani, kwenye meza ya mita mbili, kuanzia Ras Kasone waliposhukia Waingereza hadi mjini, kwa sanamu za askari za milimita 6. Tumejaribu mara tatu, na mara zote Waingereza wameuteka mji mapema mno, ilhali historia inasema walirudi melini tarehe 5 wakiwa wameacha bunduki za rashasha na mamia ya bunduki za kawaida. Je, wale nyuki waliowavamia askari vitani niwape kete ngapi?

Babu Kete: Nyuki, mwanangu, waandikie kadi moja inayojitokeza bila taarifa, na iwaume wa pande zote mbili, kwa kuwa siku ile hawakuchagua sare. Mimi niliwahi kutumia ufuta kuwa nyuki. Mjukuu wangu akaupuliza, ukanasa kwenye rangi mbichi, na hadi leo kikosi kile kinaonekana kama kimeugua ndui.

Mpenda Amani: Waingereza na Wahindi wapatao 360 walikufa pale, tena upande wa pili waliokufa wengi wao walikuwa askari Waafrika, nanyi mnajadili ufuta.

Bibi Ramani: Tuwaache nyuki kwanza. Mchonga Meza, hujataja reli hata mara moja. Iko wapi?

Mchonga Meza: Stesheni ipo, nimeichora.

Bibi Ramani: Sikuuliza stesheni. Nauliza njia ya reli iliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi upande wa mashariki ya mji, ambamo watetezi walijikinga.

Mchonga Meza: Hiyo sikuiweka. Povu gumu nililopata ni jembamba, na kulichimba kungeharibu safu ya nyumba ambayo nimeihangaikia sana. Isitoshe, anayecheza anaweza kuambiwa tu kwamba pale pana kinga. Nyumba sizing'oi, na gundi niliyopaka jana usiku bado haijakauka.

Bibi Ramani: Basi tatizo si kete. Reli ile ndiyo iliyomleta Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na vikosi vyake kutoka Moshi, na pale ilipochimbwa ndipo watu wapatao elfu moja walipowangojea elfu nane waliokuwa wakijipenyeza katika mashamba ya mpira bila kuonana vizuri. Umewasimamisha watetezi wako uwanjani peupe, halafu unawaomba nyuki wawaokoe.

Msomaji Kimya: Samahanini, mimi naona hadithi hii ni ya kutunga. Mtu amecheza mara tatu kwenye uwanja ambao gundi yake ilipakwa jana usiku? Kesho atatuambia kwamba nyuki ni wa kweli.

Babu Kete: Hapo umemshika.

Mchonga Meza: Sijatunga, ila sikueleza vizuri. Majaribio yale tuliyafanya juu ya kitambaa cha kijani, na vitabu vikawa nyumba. Uwanja wenyewe nimeugandisha jana.

Msomaji Kimya: Na kitambaa kilikuwa na reli?

Mchonga Meza: Hakikuwa nayo.

Bibi Ramani: Basi gundi mbichi ni bahati yako. Ng'oa nyumba leo, ukate ukanda wa milimita 30 kupenya povu lote, kisha ubandike karatasi ngumu kwa chini. Kwa kuwa meza ya mita mbili inabeba kilomita tatu hivi, ukanda huo ni mpana kupita kiasi. Lakini kwa kipimo hichohicho kila askari wako ana urefu wa mita tisa, kwa hiyo usione haya. Na wanaotumia bunduki kuukuu za Mauser wawekee pamba kila wanapopiga, maana baruti yake ilitoa moshi uliowafichua.

Mchonga Meza: Nimeng'oa nyumba saba. Ya nane imetoka na kipande cha ufukwe.